Sweta la Subi Lisifuliwe

Mafinga,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, Mama. Nakusalimu kwa upendo, nikiamini barua hii inakukuta umekaa jikoni karibu na moto na magoti yako yamekupa nafuu kidogo. Mimi ni mzima. Kile kikohozi nilichokuwa nacho kimeniacha, ila baridi ya huku bado ipo, asubuhi ukitoka nje mdomo unatoa moshi. Mvua za kwetu Rungwe zinaendeleaje? Migomba ya bondeni ilinusurika na ule upepo? Na wewe unakula vizuri, au bado unawaachia wajukuu wote unajibakizia ukoko?

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Mama, simu ya Kaka Lusajo siiamini. Mnaiweka spika, na mlangoni kuna watu wamekuja kuomba chumvi. Mara ya mwisho nilikwambia habari za blauzi yangu iliyochanika, na kabla wiki haijaisha mtu wa Tukuyu alikuwa ananipa pole. Kwa hiyo hii isome mwenyewe, na miwani yako. Usimpe Wifi akusomee, maana Wifi anasoma kama anatoa matangazo kanisani.

Mfuko nimemkabidhi kondakta mbele ya watu wawili, na nimeufunga mafundo matatu. Ukikuta mafundo mawili ujue kuna mkono umepita. Ndani kuna chumvi, viatu vya raba vya Subi, na kitu kimoja nimekifunga kwa gazeti na kamba ya katani. Hicho cha gazeti usikifungue mpaka umalize kusoma. Ukikifungua sasa utasema mwanangu karogwa, au utasema kaanza kuroga.

Sasa nianze. Mwalimu Kalinga, mwajiri wangu, unamjua kwa maneno yangu. Ni yule mjane, mwalimu mstaafu, mwenye karakana ya vitanda na makabati. Mimi nampikia yeye na mafundi wake, nafagia maranda ya mbao, nalala chumba cha uani. Basi wakati wa kuvuna maharage alinikuta nachambua mchele akaniambia, Tusekile, mlete binti yako, Januari aanze shule hapa, chumba chako kinatosha kitanda cha pili na mafundi watakichonga. Nikamshukuru, ndaga fijo, Mwalimu, na nikapiga goti. Lakini moyo haukutulia. Mtu akupe nafasi ya mtoto bila wewe kuomba, bila kukuambia masharti? Miaka miwili hii nimemlilia Mungu nipate kukaa na Subi, halafu jambo linakuja lenyewe kwenye ungo wa mchele. Nikaanza kumchunguza.

Nilimuuliza fundi mkuu, tunamwita Baba Yohana, Mhehe mmoja mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamuuliza kama kwa utani, hivi huyu Mwalimu amekuwa mpole hivi siku zote? Akacheka mpaka akaweka msumeno chini. Akasema yeye mwenyewe amesoma kwa Mwalimu Kalinga, na enzi zile Mwalimu alikuwa anachapa mpaka fimbo yenyewe inaomba msamaha. Hilo likaniongezea mashaka. Mtu wa fimbo hageuki kuwa mtu wa vitanda vya bure hivi hivi.

Na kweli, haikupita wiki mbili, Mwalimu akaenda kumtembelea mdogo wake kule Mgololo, akarudi na boksi la karatasi. Akaliweka mlangoni kwangu. Ndani mbwa. Mtoto wa mbwa, mweusi, kifua cheupe, masikio yamelala, anatetemeka. Wakampa jina Randa, kwa sababu siku hiyo hiyo alikwenda kulala chini ya meza ya kupigia randa.

Mama, Mwalimu anajua yote kuhusu Subi na mbwa. Nilimsimulia mwaka ule wa kwanza: jinsi Bosi, mbwa wetu wa nyumbani, alivyomng'ata, mguu ulivyoshonwa, zile sindano, na jinsi mtoto mpaka leo akisikia mbwa amebweka kilima cha pili anashindwa kuendelea na njia. Alinisikiliza mwanzo mwisho. Halafu anasema mtoto aje, na wiki mbili baadaye analeta mbwa. Nikajiambia, Tusekile, umepigwa chenga. Huyu mama hataki kusema mtoto asije, anataka nikatae mwenyewe kwa mdomo wangu ili abaki mwema mbele ya watu.

Nilitaka nione mwisho wake.

Jumatatu yake akatukusanya uwanjani, akatupanga kama tuko mstarini shuleni. Akasema mbwa huyu hapigwi fimbo, hapigwi teke, hakemewi. Kila mtu atembee na dagaa mfukoni. Ukimwita akaja, dagaa. Akikaa chini bila kukurukia, dagaa. Akifanya ujinga, hupewi ruhusa ya kumfanya kitu, unamnyima macho tu. Alisema mbwa kabla hajafika miezi minne inabidi akutane na watu wa kila aina, na kila anayekutana naye awe na jambo jema mkononi, ili akikua asimuogope mtu. Hayo alifundishwa na daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja, na mengine anayaangalia kwenye simu akiwa amevaa miwani miwili.

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Baba Yohana, mzee wa watu, nimemwona kwa macho yangu amempa mbwa mgongo, mikono kwapani, anaangalia misonobari, eti amenuna kwa sababu mbwa kamng'ata kidole kwenye mchezo. Na mbwa anazunguka mbele yake, anakaa, anamtazama, ndipo mzee anageuka wanaendelea kuvutana soksi kuukuu. Kila akimaliza kula anatolewa nje kwenye lundo la maranda, na akikojoa pale watu wazima wanampigia makofi. Mashine ikiwashwa wanaanza naye mbali kule getini, anapewa dagaa, kesho hatua mbili mbele, mpaka sasa mashine inanguruma na yeye amelala. Wamemwonyesha mwavuli unavyofunguka. Wamemwonyesha helmeti ya bodaboda, koti la mvua, mtu mwenye gunia kichwani, babu mwenye magongo. Hata Mama Salma, yule Mhindi mwenye duka la misumari na rangi ng'ambo ya barabara, ameingizwa kwenye darasa. Dini yake haimruhusu kuguswa na mate ya mbwa, kwa hiyo anasimama ng'ambo ya mtaro, mbwa akikaa anamrushia biskuti. Alisema mbwa wa jirani akiwa na adabu na yeye anapumua.

Mimi nikawa naangalia yote hayo kwa dirisha la jiko na najiuliza, mbwa huyu ni wa nini? Kila mwizi wa Mafinga akija na dagaa mkononi si atafunguliwa geti? Mwalimu akaniambia siku moja, bila mimi kuuliza, huyu tunamfundisha kwa ajili ya binti yako. Nikajibu sawa, Mwalimu. Moyoni nikasema, labda kamdanganye mwingine.

Sasa Mama, hapa naomba usome polepole.

Kutwa nzima mafundi wako karakana, jikoni nabaki mimi na mbwa. Nikakumbuka tulivyomlea Bosi. Unakumbuka: pilipili kichaa kwenye ugali, mnyororo pale kwenye migomba, asione mtu isipokuwa anayemletea chakula. Na alikuwa mkali, wilaya nzima ikatusifia. Nikapiga hesabu zangu. Huyu naye akiwa mkali, Mwalimu atashindwa, atamfunga getini mbele. Akifungwa getini, Subi atapita mlango wa uani kwa amani, na mimi nitakuwa nimewashinda bila kugombana na mtu. Nikatwanga pilipili. Siku nane, Mama. Kila mchana nilimchanganyia kidogo kwenye makombo, na akikanyaga kizingiti cha jiko nilimpa mwiko wa pua, si kwa nguvu, kidogo tu, anijue.

Siku ya kwanza alipiga chafya, akalia, akakimbilia maji. Halafu akarudi, mkia unatikisika, maana ni mtoto. Siku ya tatu bado alirudi. Siku ya tano akasimama kizingitini hakuvuka. Nikafurahi, nakwambia ukweli. Nikajua dawa imeingia.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu akaingia jikoni na kusema neno ambalo ungelisikia wewe ungefunga mizigo yangu siku ile ile. Alisema, agiza kwenu nguo ya Subi, aliyoivaa yeye mwenyewe. Isifuliwe. Isifuliwe kabisa, Tusekile.

Mwiko ulinidondoka. Mama, nani anaomba nguo ya jasho ya mtoto wa mtu? Wewe umetulea hata kucha hatutupi ovyo, na nguo za watoto hazibaki kambani ukienda sokoni. Nikawaza yote ambayo wewe unayawaza sasa hivi ukiwa na barua hii mkononi. Mjane, ana mali, mashine zake haziharibiki za wenzake zinaharibika, na anataka mtoto asiye wake. Akanieleza kwamba mbwa humjua mtu kwa pua kwanza, kwamba atalala karibu na harufu ya Subi, atakula karibu nayo, ili siku Subi anaingia getini asiwe mgeni. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikuamini hata neno moja.

Nilichofanya, nilikwenda mtumbani nikachagua kigauni cha mtoto, sijui mtoto wa nani, wa Ulaya huko. Nikakisugua kwapani kwangu, nikakining'iniza juu ya moshi wa jiko siku mbili, nikamletea Mwalimu nikasema kimefika kutoka Rungwe. Akakinusa. Akaniuliza kama Subi anaogea sabuni ya kufulia. Nikasema ndiyo.

Na hapa nikuungamie jambo lingine. Nguo ya Subi ninayo. Lile sweta la bluu la darasa la kwanza mlilolitafuta nyumba nzima nilipoondoka, mpaka ukamlaumu Wifi kwamba kalipeleka kwao, nililichukua mimi. Liko chini ya godoro langu ndani ya mfuko wa nailoni, halijafuliwa tangu siku hiyo. Harufu yake imebaki kidogo sana, pale shingoni tu. Mwombe Wifi radhi kwa ajili yangu, nitamwomba na mimi mwenyewe nikija.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Mwalimu akatusimamisha duara uwanjani. Mchezo ni kwamba kila mtu anamwita Randa kwa zamu, anakwenda, anapewa dagaa, mwingine anaita. Alikwenda kwa Baba Yohana masikio yanaruka. Alikwenda kwa mafundi wote. Mama Salma akaita kutoka ng'ambo ya mtaro, akakimbia mpaka ukingoni akakaa kwa adabu, biskuti ikaruka. Ikawa zamu yangu. Nikalainisha sauti, nikaita, Randa, njoo.

Akasimama katikati ya duara. Masikio yakalala, tumbo likagusa chini, mkojo ukamtoka pale pale kwenye maranda. Hakuja na hakukimbia. Alibaki ananitazama kwa pembeni. Watu wote wakaniangalia, na mimi sikujua mkono wenye dagaa niuweke wapi.

Mwalimu aliwaambia waende kunywa chai, akachukua mbwa akamtuliza upande mwingine, halafu akaja kukaa kwenye gogo nje ya jiko langu akanionyesha nafasi pembeni yake. Nikakaa. Akaniuliza nimemfanya nini. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, Mama, uongo mzuri kabisa, wa kumsingizia paka. Lakini mkono wangu ulikuwa bado unanukia pilipili. Nikamwambia yote, na sababu zake. Nikasubiri aniambie nikusanye vitu vyangu, na kichwani nilishaona shule ya Subi imekwenda, kitanda cha pili kimekwenda, na wewe nitakuelezaje.

Mwalimu akasema, "Mimi nimefundisha miaka thelathini. Watoto wa mji huu nimewachapa mpaka leo wana watoto wao. Unajua wakiniona sokoni wanafanya nini?"

Nikasema sijui.

"Wanavuka barabara. Watu wazima, na mizigo yao. Wala hawanichukii, Tusekile. Miguu yao tu inavuka." Akafuta miwani kwa khanga. "Baba Yohana peke yake ndiye aliyerudi, na yeye alirudi kwa sababu alitaka kazi. Nimesema kiumbe nitakayemlea tena asinivukie barabara."

Mimi unanijua. Niliutafuta mtego kwenye maneno yale pale pale kwenye gogo. Niliutafuta tena naosha sufuria. Sikuupata, ingawa sijaacha kuutafuta.

Hakunifukuza. Alisema uliyechana utashona mwenyewe. Tangu siku ile mimi ndiye ninayemlisha Randa, ila si kwa bakuli. Nakaa chini, kwenye udongo, ubavu ubavu, nisimtazame usoni, dagaa kwenye kiganja kilicho wazi, na nisimwite. Mwalimu alisisitiza hapo. Ukimwita unamdai, akasema, mwache aje mwenyewe.

Siku ya kwanza alikula zile nilizorusha mbali tu. Ya pili vile vile. Mama, niliona nimetukanwa. Mtu mzima mwenye mtoto, nimekaa chini kama nasubiri msaada, mbwa ananipima kama ninafaa. Ya tatu niliinuka nikasema basi, halafu nikakaa tena, kwa sababu niliona anahesabu hatua kati yetu kama Subi alivyokuwa anahesabu kwenye njia ya mtoni akiona mbwa. Nikawa namsemesha Kinyakyusa, mambo yoyote tu, bei ya maharage, magoti yako. Nilimwambia na Mwalimu ukweli wa kigauni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa anajua siku ile ile, maana kilinuka kwapa la mtu mzima.

Alhamisi nikatoa sweta chini ya godoro nikaliweka mapajani. Sijui kwa nini, labda nilikuwa nimechoka kuficha. Kulikuwa na lori la magogo linapita barabarani, vumbi limejaa, sikumwona akija. Nilisikia pua tu. Alinusa mikono ya sweta, akanusa shingo ya sweta muda mrefu sana, halafu akala dagaa mkononi mwangu moja baada ya nyingine, ulimi wake wa moto. Alipomaliza akaweka kichwa juu ya sweta akafumba macho. Sikumgusa. Nilikaa pale mpaka maharage ya mafundi yakaungua, na hakuna aliyenisema.

Sasa anakuja mwenyewe. Si kila siku. Nikishika mwiko bado anarudi nyuma hatua moja, na hiyo hatua moja inaniuma kuliko angenibwekea.

Mama, haya yote nimeyaandika marefu kwa sababu kuna jambo nalizungukia. Siku ile Bosi alipomng'ata Subi, mliporudi kutoka shambani niliwaambia mtoto alimchokoza mbwa. Hamkuwepo. Ukweli ni kwamba ndala yake ilikuwa imeteleza mpaka karibu na mnyororo, akaenda kuiokota. Ni hivyo tu. Aliniambia, "Mama, sikumfanya kitu," damu inatiririka, na mimi sikumwamini. Mimi siamini watu upesi, unanijua, lakini yule alikuwa na miaka sita. Kabla sijamwosha mguu nilichukua fimbo nikamchapa mbili, kwa kuchokoza mbwa. Na aliyempikia Bosi ile pilipili miezi yote ile ni mimi. Hayo sikuwaambia ninyi wala zahanati.

Krismasi iliyopita nilipokuja, unakumbuka nilivyoingia uani na zawadi kichwani, Subi akajificha nyuma yako, akashika kitenge chako hakukiachia. Ukasema ni Bosi huyo, kamsikia. Nikaitikia, ni Bosi.

Mama, Bosi siku ile hakubweka. Alikuwa amelala.

Nimelikumbuka hilo nikiwa nimekaa kwenye maranda na dagaa mkononi, na nimelia kama mtoto. Nilikuwa natafuta kila mtu anayetaka kunizuia nisikae na mwanangu. Nilimshuku Mwalimu, nikamshuku mbwa, nikamshuku hata Mama Salma na biskuti zake.

Haya, sasa fungua gazeti. Hicho ni kipande cha blanketi analolalia Randa, na hayo ni manyoya yake, usiogope. Hakuna dawa, nimekikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Usimpelekee Subi puani wala usimwambie akishike. Kiweke juu ya kigoda pembeni ya mahali anapokula, na karanga chache juu yake. Akichukua karanga, sawa. Asipochukua, sawa, kesho weka tena. Akiuliza ni cha nani mwambie ni cha mbwa mdogo ambaye naye aliogopa.

Halafu naomba sweta lake la sasa, la shule. Alivae wiki nzima na lisifuliwe, Mama, lisifuliwe kabisa, maana lile la zamani limebaki na harufu yangu zaidi kuliko yake. Lifunge mafundo matatu. Najua unavyojisikia kusoma maneno haya, mimi nilidondosha mwiko. Kama bado una shaka, mpigie Mwalimu umuulize mwenyewe, ila usiweke spika.

Na kuhusu Bosi, mwambie Kaka ahamishe mnyororo utoke njiani, uende nyuma ya zizi ambako watoto hawapiti. Pilipili ikome. Mtu mzima akipita, akiwa mbali, amrushie kidagaa aendelee na safari yake. Simwambii mtu amsogelee, yule tumemharibu miaka mingi. Lakini asimalizie uzee wake akidhani kila miguu inayokuja imeleta maumivu.

Nisalimie Kaka Lusajo, mwenye simu yenye masikio, na umwambie viatu vya raba ni vya Subi si vya mwanawe. Nisalimie Wifi Sekela, na radhi ile usiisahau. Nisalimie Shangazi wa bondeni na migomba yake, na mama mchungaji aliyeniombea safari. Baba Yohana anawasalimu ingawa hamjuani, na Mwalimu anasema kamwene, ndiyo salamu ya huku.

Sehemu inayofuata ndiyo peke yake naomba umsomee Subi kwa sauti.

Subi mwanangu, siku mtakaposhuka na Mjomba standi ya Mafinga, mbwa hatakuwepo, atatusubiri nyumbani. Nitakuwepo mimi. Utanikuta nimekaa chini pembeni ya mizigo, sikuangalii usoni, mkono wazi una karanga. Siku ile ya ndala ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekosea. Sitakuita. Utakuja ukitaka, na ukitaka kwanza kusimama na Mjomba, simama. Basi ndilo lenye haraka, mimi sina.

Ni mimi mwanao, Mama, na mama yako, Subi,

Tusekile.